Daftari la Marehemu Wetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



 Katibu aliponiandikia barua aliniomba niseme machache juu ya kuwakumbuka wenzetu waliotutangulia, na akaniarifu kwamba maneno yangu yatapigwa chapa katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, kurasa chache tu baada ya hesabu ya fedha. Mahali hapo pananifaa sana, kwa kuwa niliyokuja nayo ni maneno ya hesabu.

Mmekwisha kumsikia Mtunza Hazina. Mwaka huu, kama miaka yote, sehemu kubwa ya fedha zetu imekwenda katika maziko: gari la kupeleka maiti bara, jeneza, ada ya chumba cha maiti, na chakula cha wafiwa. Hakuna aliyenung'unika, wala haifai mtu kunung'unika, maana ndilo jambo lililokiunda chama hiki. Mtu aliyeacha kwao akaja Mombasa kutafuta kazi alikuwa na hofu mbili: kuugua asiwe na wa kumwuguza, na kufa asiwe na wa kumzika. Wazee waliokianzisha chama walikusudia kuiondoa hofu ile ya pili, na kweli wameiondoa. Lakini naomba kila mmoja wenu, atakapofika nyumbani, aifungue taarifa hiyo na kuisoma tena polepole. Ataona yote yaliyotumiwa, hata senti za misumari. Jina la aliyezikwa hataliona. Pameandikwa "maziko", kisha shilingi, basi.

Naomba ruhusa niwasimulie habari moja ambayo lawama yake ni yangu mimi mwenyewe. Imepita miaka 20 na zaidi tangu afariki mwanachama mwenzetu mmoja, fundi seremala, mtu wa upande wa Ziwa. Alikuwa mtu mpole, asiyekosa mkutano, na kiti alichokalia Mwenyekiti wetu wa wakati ule kilikuwa kazi ya mikono yake. Alikufa ghafula. Anwani aliyoiandika kadini ilikuwa sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini kwao. Tuliandika barua, tukatangaza katika redio, na hakuna aliyejibu. Siku zikapita, ada ya chumba cha maiti ikazidi, hata halmashauri ikaamua azikwe hapa hapa mjini, katika makaburi ya watu wote. Tulimzika vizuri, nathubutu kusema. Mchungaji alikuwapo, maua yalikuwapo, na watu wengi waliacha kazi wakaja. Tukamsimikia msalaba wa mti wenye jina lake kwa rangi nyeupe. Mimi ndimi niliyekuwa Katibu mwaka huo. Katika kumbukumbu za mkutano niliandika kwamba mwanachama mmoja amefariki na amezikwa kwa gharama ya chama, nikafunga kitabu.

Baada ya miaka tisa alikuja msichana ofisini, amevaa nguo ya safari, na mkononi ana kadi ya uanachama iliyokunjika. Alikuwa binti wa yule seremala. Wakati babaye anakufa yeye alikuwa mtoto mdogo, na mama yake alikuwa amehamia kwingine kabla ya hapo. Hakuja kudai kitu. Alisema, "Wazee wangu, nionyesheni tu mahali alipolala baba." Tulikwenda naye watu watatu. Mzee mmoja alisema kaburi li karibu na mwarobaini. Lakini mwarobaini ulikuwa umekatwa. Wa pili akasema ni upande wa ukuta. Mimi niliyekuwa Katibu, niliyesimama pale siku ya maziko nimeshika daftari mkononi, sikuweza kusema lolote. Msalaba ule wa mti mchwa walikwisha kuumaliza zamani. Tulizunguka hata jua likataka kutua. Mwishowe yule binti aliweka maua yake katikati ya makaburi mawili yasiyokuwa na alama, akapiga magoti, kisha akainuka na kutushukuru kwa taabu yetu. Tangu siku hiyo sijapata kuisikia shukrani iliyonitia haya kama ile.

Sasa, hakuna watu katika chama hiki wasiokuwa na desturi yao ya kuwakumbuka wafu, na kwa kuwa tumechanganyika hapa, kila mtu aweza kujifunza kwa mwenziwe. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama; vivyo hivyo mabinti na bibi zao. Hivyo mzee hulazwa kaburini, na asubuhi ya pili jina lake laitwa uani, mwenye jina aamke aende shule. Kwa Waluo marehemu huweza kumjia mtu katika ndoto, na jina lake akapewa mtoto mchanga. Ndugu zetu Waislamu husoma hitima na hukutanika tena siku ya arobaini. Wakatoliki huwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba.

Kwetu sisi Wagiriama matanga ni mara mbili. Ya kwanza ni hanga itsi, maana yake matanga mabichi, wakati machozi hayajakauka. Baada ya muda yaja hanga ivu, matanga mabivu, na hayo ni ya ngoma, nyimbo na tembo la mnazi, na ya kuyataja matendo ya marehemu hata yale ya kuchekesha. Nilipokuwa kijana mwalimu wangu mmoja alituambia kwamba kucheka matangani ni ushenzi. Nimeishi sana tangu wakati huo, na naona wazee walijua zaidi ya mwalimu: huzuni nayo ina wakati wake wa kuiva, na mtu asiyepewa nafasi ya kumcheka marehemu kwa mapenzi hubaki na ile mbichi kifuani.

Lakini jambo ninalotaka hasa kulieleza ni lile la vigango, maana ndani yake mna funzo kwa chama chetu. Naona wengine wanatabasamu. Msiogope, mimi ni Mkristo, na sikuja hapa kuwaambia mchonge miti.

Mgiriama wa kawaida akifa huwekewa koma, nayo ni kijiti kifupi cha ukumbusho. Lakini mtu aliyekuwa wa Gohu alistahili kigango. Gohu kilikuwa chama cha watu wazima wenye mali na heshima, tena chama chenye kiingilio na karamu zake, hata nadhani Mtunza Hazina wetu angalipenda kukikagua. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa na mchwa upesi, kimo cha mtu na pengine zaidi. Juu kina kichwa, mara nyingi cha mviringo, na mwili wake umechongwa pembe tatu pembe tatu, ukatiwa rangi, ukafungwa vitambaa. Hakisimamishwi siku ya maziko. Huenda ikapita miaka, mpaka jamaa mmoja aote ndoto, au ugonjwa uingie nyumbani, na mganga aseme kwamba fulani analalamika kuwa amesahauliwa. Hapo huitwa fundi, na kigango kikisha simama marehemu humwagiwa tembo na kupewa chakula, na kuambiwa habari za nyumbani. Na mji ukihama, kigango hakihami. Hubaki palepale penye mahame, katikati ya majani, na watu wake hujua kilipo.

Hilo la kubaki peke yake ndilo lililokiponza. Tangu miaka ya 1970 wafanyi biashara ya vinyago walitambua kwamba wageni hutoa fedha nyingi kwa vitu hivi. Vijana waliotumwa usiku kuving'oa walilipwa kidogo tu. Wengine, Mungu awasamehe, waling'oa vya babu zao wenyewe. Vigango mamia vikavuka bahari, vikaingia katika nyumba za matajiri na makumbusho za Marekani, vikawekwa taa, na chini yake pakaandikwa "kinyago cha ukumbusho, Kenya". Cha nani? Cha mji gani? Aliyeuza hakuuliza, na aliyenunua hakuambiwa.

Katika vyote hivyo, viwili vilirudi kwa njia ya kustaajabisha. Mwaka wa 1985 mzee mmoja wa upande wa Kaloleni, aliyekuwa amewasimamishia vigango ndugu zake wawili waliokufa, alipigwa picha karibu navyo na bibi mmoja wa Marekani, mtaalamu wa mila za watu. Mwaka huo huo vigango vile vikaibwa. Mzee alihuzunika sana akaomba msaada, lakini pa kuanzia hapakuwapo. Mwaka wa 1999 bibi yule alikuwa katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, mwenzake akawa anaonyesha picha za vigango vilivyomo katika makumbusho moja ya Illinois, naye akakitambua kimoja. Alikuwa bado anayo picha yake. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, katika jimbo la Virginia. Maneno yakawa marefu, barua zikaenda na kurudi, na mwaka wa 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa nyumbani, watu wakavipokea kwa ngoma na maombi. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, asione siku hiyo.

Tangu hapo vingine vimeachiliwa. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka wa 2014 kurudisha 30, na mwaka wa 2023 makumbusho ya Illinois yakarudisha 37 vingine. Nasi twashukuru. Lakini hivyo vilipokelewa na Makumbusho ya Taifa, kwa maana hapakuwa na mtu wa kusema kwa yakini: hiki ni cha mjomba wangu, kilisimama penye mkwaju ule. Wale ndugu wawili wa Kaloleni walifika mpaka uani kwao kwa sababu ya karatasi moja yenye picha, na kwa sababu mwenye karatasi alijua ni akina nani na ni wapi. Mti ule mgumu wa kuwashinda mchwa haukuweza kulifanya hilo. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumeona kwamba na wafu ni hivyo hivyo.

Mtu asije akafikiri kwamba huu ni upungufu wa watu wasiojua kusoma. Wenye kujua kusoma sana wamekosa zaidi. Aliyepita Nairobi katika barabara ya Kenyatta ameziona sanamu za shaba za watu watatu, zilizosimamishwa baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 kuwa ukumbusho wa askari na wachukuzi wa Afrika. Maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili pia, na yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimezunguka nguzo ile pande zote. Jina hakuna, hata moja. Wachukuzi waliokufa kwa njaa, kuhara na homa, huku wamebeba mizigo ya jeshi, ni makumi ya maelfu. Kikosi chao cha Carrier Corps kimeacha jina katika mtaa wa Kariakor huko Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako leo watu huuza na kununua bila kukumbuka neno hilo limetoka wapi.

Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya kujichunguza yenyewe, ikaomba radhi. Ilisema kwamba watu si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa. Mimi nilipoyasoma hayo nilimfikiri ndugu wa babu yangu mzaa mama. Wagiriama waliposhindwa mwaka wa 1914 walitozwa faini, na juu ya faini wakatakiwa kutoa watu 1,000 wa kuchukua mizigo. Yeye alikwenda. Mama yangu alijua jambo moja tu juu yake, kwamba alikuwa mrefu. Jina lake mama alilisahau katika uzee wake, nami sikuwa nimeliandika, ingawa nilikuwa na kalamu mfukoni tangu nikiwa na umri wa miaka saba.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naleta ombi. Naomba chama kiwe na Daftari la Marehemu. Kila mwanachama anayefariki apewe ukurasa wake: majina yake yote, mahali alikozaliwa mpaka kijiji, kazi aliyoifanya, siku aliyofariki, majina ya mke au mume na watoto wake, na jina la mwanachama mmoja aliye hai atakayeulizwa habari zake. Penye kaburi paandikwe sawasawa. Akizikwa hapa mjini, iandikwe safu na hesabu ya kaburi siku ile ile, kabla ya watu kuondoka, na kiwekwe kibao cha saruji. Asiandike Katibu peke yake. Nimewaonyesha Katibu mmoja alivyofanya. Aandike mbele ya mashahidi wawili.

Tena kuna vile vijitabu vya maziko tunavyovigawa siku hizi, vyenye picha na maisha ya marehemu. Tunavipigisha chapa kwa fedha nyingi, na wiki ya pili nimeviona vikifungiwa njugu pale stendi ya mabasi. Kimoja tu kikibandikwa katika daftari, yatosha. Wengine watasema picha zote zimo katika simu. Ni kweli, na simu huibwa upesi kuliko vigango.

Na kila mwaka katika mkutano huu, kabla ya Mtunza Hazina kusimama, majina yasomwe kwa sauti, na mwenye neno juu ya mtu huyo aliseme: wema wake, deni alilolipa, wimbo alioupenda, hata ubishi wake. Wakiwapo watoto wake, waketi mbele wasikie. Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu. Basi sisi tuliopo tumtunzie lake. Hilo ndilo lingekuwa hanga ivu la chama chetu, na tembo si lazima.

Ndugu mmoja nilipomdokezea shauri hili pale mlangoni aliniambia kwamba wafu ni wa Mungu, na Mungu awajua wote bila daftari. Sikubishana naye, maana ni kweli tupu. Lakini aliyekuja ofisini kwetu na kadi iliyokunjika hakuwa Mungu. Alikuwa binti wa mtu, amesafiri usiku kucha kwa basi, na sisi ndio tuliokuwa tumemzika babaye.

Juu ya gharama sina maneno mengi. Madaftari mawili yenye majalada magumu, moja la kukaa kwa Katibu na moja la kukaa kwa Mwenyekiti ili nyumba moja ikiungua tusipotewe na yote, bei yake haifiki bei ya maua tunayoweka juu ya jeneza moja. Kibao cha saruji ni zaidi kidogo, lakini mafundi tunao humu humu.

Nimelileta daftari la kwanza, nimelinunua mwenyewe, na mkutano ukilikataa nitalirudisha nyumbani bila kinyongo. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika. Una jina la yule seremala, kijiji chake kama alivyokiandika kadini, kazi yake, kiti alichokitengeneza, na jina la binti yake pamoja na anwani aliyotuachia. Penye kaburi nimeandika jina la makaburi tu. Safu na hesabu nimepaacha wazi, kwa kuwa sipajui. Ukurasa wa pili mpaka wa tano ni wa wenzetu wanne wa mwaka huu. Jamaa zao wamo humu ukumbini, na kalamu iko mezani kwa Katibu.